"Mtandao Hakuna": Masijala, Dirisha na Daftari Nyuma ya Kaunta

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kulipa rejesho."

"Mama, samahani, leo mtandao hakuna. Labda uje kesho."

"Kesho tena? Nimeshuka kutoka Kibosho tangu saa moja."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Moshi, nikisubiri kuonana na meneja aliyeniita niangalie tatizo. Mama yule alirudisha daftari lake la mwanachama kwenye mkoba, akatoka. Nauli ya kwenda na kurudi imekwenda bure, na rejesho litahesabiwa limechelewa. Nusu saa baadaye nilikuwa nimejua kwamba mtandao ulikuwepo muda wote. Simu ya keshia aliyesema hakuna mtandao ilikuwa ikipokea ujumbe kupitia Wi-Fi ya ofisi hiyohiyo.

Simlaumu keshia. Aliambiwa aseme hivyo, na aliyemwambia naye hakujua. Kwenye kaunta zetu, kuanzia Moshi hadi Arusha, neno "mtandao" limebebeshwa mizigo isiyo yake, na mwananchi ndiye anayelipa gharama. Makala hii inajaribu kuutua mzigo mmoja mmoja.

Mtandao, kwanza, ni vitu viwili. Mtandao wa ndani ni nyaya na Wi-Fi zinazounganisha vifaa vya jengo moja: kompyuta za kaunta, printa, kompyuta ya meneja, na ile mashine iliyofungiwa chumba cha nyuma. Intaneti ni barabara ya kutoka nje ya jengo. Barabara ya Moshi kwenda Arusha ikifungwa, mkazi wa Majengo bado anatembea hadi soko la Mbuyuni bila shida. Vivyo hivyo intaneti ikikatika, kaunta inaweza kuendelea kuongea na mashine ya chumba cha nyuma. Ofisi ambazo mfumo wao unakaa kwenye mashine ya mbali, Dar es Salaam au nje ya nchi, hao intaneti ikikatika wanasimama kweli. Kwa hiyo kabla ya kusema "mtandao hakuna", mtu wa ofisi anatakiwa ajue mashine yao inakaa wapi. Nimekutana na mameneja wazuri, wachapakazi, wasiojua hilo.

Mashine yenyewe ni seva ya kanzidata. Aliyewahi kufuatilia faili lake kwenye ofisi ya serikali anaijua tayari, kwa sababu kanzidata ni masijala. Mafaili yote yako humo. Wewe huingii kuchakura makabati. Unasimama dirishani, unamwambia karani unachotaka, naye anakuletea, au anakuambia huruhusiwi. Karani huyo ni programu: PostgreSQL, MySQL, MariaDB, SQL Server, Oracle na nyinginezo. Kile kioo ambacho keshia anakiona, chenye sehemu ya kuandika jina la mwanachama na kiasi, ndicho watu wanachokiita "mfumo". Mfumo ni mjumbe anayekwenda dirishani kwa niaba ya keshia. Mfumo unaweza kuwa mzima kabisa na masijala imefungwa, na kinyume chake.

Sasa, mjumbe anafikaje dirishani? Anahitaji mambo mawili. La kwanza ni anwani ya jengo, yaani anwani ya IP, ambayo kwenye ofisi nyingi ndogo huwa kama 192.168.1.10. La pili ni namba ya dirisha, ambayo mafundi huiita poti. Kila kompyuta ina nafasi za madirisha kuanzia 0 hadi 65535, na makarani wana mazoea yao: PostgreSQL hukaa dirisha 5432, MySQL na MariaDB 3306, SQL Server 1433, Oracle 1521. Karani akikaa dirishani akingoja watu, mafundi husema "anasikiliza".

Hapo ndipo panapokuja mpangilio ambao ni mstari mmoja tu kwenye faili la mipangilio, lakini umewatesa watu wengi kuliko mistari mingine yote. Unamwambia karani asikilize upande gani wa jengo. Kwenye PostgreSQL mstari huo ni listen_addresses, kwenye MySQL na MariaDB ni bind-address. Ukiandika 127.0.0.1, umemwambia asikilize ndani ya chumba chake tu. Hiyo ni anwani ambayo kila kompyuta hujiita yenyewe, kwa hiyo programu zilizo kwenye mashine hiyohiyo zitamfikia, lakini kaunta iliyo chumba cha pili haitamfikia hata waya ukiwa mpya. Ukiandika 192.168.1.10, umefungua dirisha la korido, ofisi nzima inafika. Ukiandika 0.0.0.0, umemwambia asikilize kila upande ambao jengo lina ukuta. Wapo wanaodhani sifuri nne maana yake ni "hakuna", yaani pamefungwa. Maana yake ni kwamba pote pamefunguliwa.

Turudi kwa chama chetu. Usiku wa kuamkia siku ile umeme ulikatika. Uliporudi, ruta, kile kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti, iliwaka ikaanza kugawa anwani upya kwa kila kifaa, kama ilivyozoea. Seva ambayo siku zote ilikuwa 192.168.1.10 ikapewa 192.168.1.14. Hakuna aliyeiamuru ruta impe seva anwani ya kudumu. Karani naye, alipoamka, akasoma maagizo yake: sikiliza kwenye 192.168.1.10. Akatazama, anwani hiyo haipo tena kwenye jengo lake. Akakataa kuanza kazi. Kaunta zote zikawa zinagonga nyumba iliyohamwa.

Kosa lenyewe lilikuwa la dakika tano kulirekebisha. Lililoniuma ni kwamba karani alikuwa ameandika sababu. Mstari ulikuwepo kwenye daftari lake tangu alfajiri, unasema wazi kwamba anwani aliyoagizwa haipo kwenye mashine. Watu wakahangaika na nyaya, wakampigia simu kampuni ya intaneti, wakazima na kuwasha ruta mara kadhaa, mama wa Kibosho akarudishwa nyumbani, na hakuna aliyefungua daftari.

Daftari hilo ndilo logi. Nitalirudia hapa chini kwa kirefu, maana ndilo lililonifanya niandike. Kabla ya hapo kuna jambo dogo litakalomsaidia hata mtu asiye fundi: namna mjumbe anavyorudi mikono mitupu inaeleza tatizo liko wapi, kama vile simu inavyoeleza. Ukipiga simu ikaita mpaka ikakatika, ni tofauti na kuambiwa namba unayopiga haipatikani, na ni tofauti na kupokelewa kisha ukakatiwa. Kwa seva, jibu la papo hapo la "muunganisho umekataliwa" kwa kawaida linamaanisha umefika kwenye jengo, lakini dirisha lile halina mtu. Kimya cha muda mrefu, halafu "muda umekwisha", kinamaanisha njia imekatika, au anwani si sahihi, au mlinzi amekuzuia bila kukujibu. Ukiambiwa nenosiri si sahihi au huna ruhusa, basi shangilia kidogo: mtandao ni mzima kabisa, umefika hadi kwa karani. Na kuna hali ya nne, karani kuzidiwa. PostgreSQL isipobadilishwa hupokea miunganisho 100 kwa wakati mmoja, MySQL 151. Mfumo ulioandikwa vibaya, unaofungua mazungumzo na kusahau kuyafunga, hujaza viti vyote ifikapo saa tano asubuhi, na kila anayefuata anaambiwa nafasi zimejaa. Hapo ndipo "kuzima na kuwasha" kunaposaidia hadi kesho yake saa tano. Keshia akiandika tu maneno aliyoyaona kwenye kioo badala ya kusema "mtandao", fundi ataokoa nusu ya muda wake.

Yule mlinzi niliyemtaja ni fayawoli, wengine humwita ukuta wa moto. Anasimama getini kabla mgeni hajafika dirishani, akiwa na maagizo: wa korido hii apite kwenda 5432, wengine wote warudi. Na karani naye ana orodha yake mwenyewe. Kwa PostgreSQL imeandikwa kwenye faili la pg_hba.conf, ikisema nani aingie, kutoka wapi, kwenye kabati gani, na athibitishwe vipi. Watu huniuliza kwa nini ulinzi urudiwe. Kwa sababu mlinzi husinzia na orodha husahaulika, lakini ni nadra vyote viwili kukosea siku moja.

Sasa lije jambo baya zaidi. Kwenye ofisi nyingine, mkoani Arusha, nilikuta fundi aliyetangulia alipata tatizo linalofanana na la anwani. Alikuwa mbali, ana haraka, akachagua njia fupi: akaandika 0.0.0.0, halafu akaiambia ruta kwamba mtu yeyote wa nje akigonga dirisha 3306, apelekwe moja kwa moja kwa seva. Akaweza kufanya kazi akiwa nyumbani. Kazi ikaenda, akalipwa, akasahau. Masijala ya wanachama ikawa na dirisha linalotazama dunia nzima, bila mlinzi, likilindwa na nenosiri moja.

Jibu ninalolisikia hapa kila mara ni hili: "Sisi ni ofisi ndogo ya Arusha, nani atahangaika na sisi?" Nalielewa, lakini si kweli. Hakuna mtu anayekaa na kuchagua. Kuna programu zinazopita anwani za intaneti moja baada ya nyingine, mchana na usiku, zikigonga madirisha yenye namba zinazojulikana. Anwani za mtindo wa zamani ni takribani bilioni 4.3 tu, na kwa kompyuta hiyo si hesabu kubwa. Jumamosi ya tarehe 25 Januari 2003 mnyoo wa kompyuta ulioitwa Slammer ulisambaa kwenye seva za SQL Server kupitia poti 1434, dirisha lake la pembeni karibu na lile la 1433. Ulikuwa na baiti 376, mdogo kuliko aya hii. Uliambukiza takribani mashine 75,000, nyingi kati yake ndani ya dakika kumi, na ulikuwa ukichagua anwani kwa kubahatisha. Dawa yake ilikuwa imeshatolewa na Microsoft miezi sita kabla. Mwaka 2017, mwezi Januari, ikaja zamu ya MongoDB, karani mwingine wa kanzidata: makumi ya maelfu ya kanzidata zilizoachwa wazi kwenye intaneti, nyingi bila hata nenosiri, zilifutwa na mahali pake pakaachwa ujumbe wa kudai fedha. Baada ya hapo, kuanzia toleo la 3.6, MongoDB ikatoka kiwandani ikiwa inasikiliza ndani ya chumba chake tu mpaka mwenyewe aamue vinginevyo.

Wengine hubadilisha namba ya dirisha, kutoka 3306 kwenda 33990 kwa mfano, wakiamini wamejificha. Inapunguza kelele za wagongaji wavivu, lakini anayegonga madirisha yote atalikuta. Fundi anayehitaji kufanya kazi kutoka nyumbani apewe njia ya VPN, ambayo ni kama kumpa ufunguo wa mlango wa nyuma ulio kwa jina lake, unaoweza kunyang'anywa siku mkataba ukiisha. Na mazungumzo kati ya kaunta na seva yasimbwe, yaani yageuzwe kuwa maandishi ya siri. Bila hivyo, taarifa za mwanachama hupita kwenye waya kama barua isiyo na bahasha.

Tuje kwenye daftari.

Mji wa Moshi unajua thamani ya daftari kuliko miji mingi. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933, na tangu enzi hizo mkulima wa kahawa amezoea kusimama kwenye mizani akimtazama karani akiandika: namba ya mkulima, uzito, tarehe. Ukitokea ubishi wa kilo, hawaangalii nani ana sauti kubwa. Wanafungua daftari. Logi ya seva inatakiwa ifanye kazi hiyohiyo.

Lakini si daftari moja. Lipo la matatizo, ambalo karani huandika kila anaposhindwa jambo. Hilo ndilo lililokuwa na jibu la chama chetu. Lipo la wageni, kama lile la getini linalokuuliza jina, unakotoka na saa ya kuingia. PostgreSQL kwa mazoea haiandiki kila anayeingia na kutoka mpaka uiagize, na ofisi nyingi hazijawahi kuiagiza. Lipo la maombi yanayochukua muda mrefu, linalosaidia mfumo unapokuwa mzito. Kwenye MySQL huwa limezimwa, na likiwashwa bila marekebisho huhesabu ombi kuwa limechelewa likizidi sekunde 10. Kwa mtu aliyesimama kaunta, sekunde 10 ni nyingi mno. Mimi huanza na sekunde moja au mbili.

Halafu lipo daftari la kila kitu, linaloandika kila neno aliloambiwa karani. Mameneja wakishaogopeshwa na wizi, hutaka hili. "Tuandike yote!" Nawasihi wasifanye hivyo bila kufikiri. Kwanza, daftari hili hukua kwa kasi hadi diski inajaa, na diski ikijaa kanzidata husimama; utakuwa umesababisha mwenyewe "mtandao hakuna" nyingine. Pili, ndani yake zitajikuta namba za NIDA, namba za simu, kiasi cha mikopo, wakati mwingine hata nenosiri jipya aliloandikiwa mtumiaji, vyote kwenye faili la maandishi ambalo yeyote anayefika kwenye mashine anaweza kulisoma. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Daftari lenye siri za wanachama ni sehemu ya taarifa hizo. Liwashwe kwa saa chache, kwa sababu inayojulikana, kisha lizimwe.

Kuna kosa jingine ambalo limewaponza watu wasio na hatia. Mifumo mingi huongea na karani kwa jina moja tu. Makeshia wanne, meneja na mhasibu wote wanaingia kwenye mfumo kwa majina yao, lakini mfumo ukifika dirishani unasaini "mfumo". Ukifungua logi ya kanzidata kutafuta nani alibadilisha salio, utakuta "mfumo" amebadilisha. Ni kama wageni wote wa getini wangesaini kwa jina "Ofisi". Kwa hiyo mfumo wenyewe lazima uwe na daftari lake la ndani: keshia gani, alifanya nini, kwa mwanachama yupi, saa ngapi. Mnaponunua mfumo, ulizieni hilo kabla ya bei. Nimeona kijana akisimamishwa kazi kwa ushahidi ambao haukuweza kumtofautisha na wenzake watano.

Na saa ngapi? Hapa Waswahili tuna mtihani wetu wa kipekee. MySQL, kuanzia matoleo ya 5.7, isipoelekezwa vinginevyo huandika logi zake kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Mwanachama anasema alilipa saa nane mchana. Stakabadhi ya kaunta imeandikwa 14:04. Logi inasema 11:04. Wote watatu wanasema kweli, lakini nimekaa kwenye kikao ambacho mzee wa watu alikaribia kuitwa mwongo kwa sababu mjumbe mmoja aliisoma 11:04 akaitafsiri kuwa "saa kumi na moja". Usiku ni pabaya zaidi, maana hata tarehe hubadilika. Mlinzi akisema aliona taa ya ofisi inawaka saa nane usiku wa kuamkia Jumatano, tukio lake kwenye logi ya UTC limeandikwa 23:00 ya Jumanne. Atakayetafuta Jumatano hatalipata, atasema mlinzi alikuwa anaota. Chagueni saa moja kwa seva, mfumo na stakabadhi, iandikeni kwenye karatasi ibandikwe ukutani, na seva ipate saa sahihi kutoka kwenye intaneti, kwa sababu mashine yenye betri iliyokufa ndani huweza kuamka baada ya umeme kukatika ikidhani iko mwaka mwingine.

Swali la mwisho ninaloulizwa: logi si ni nakala ya akiba? Hapana. Logi za kusoma hazirudishi salio lililopotea. Kanzidata zina daftari jingine la ndani, la mabadiliko, ambalo pamoja na nakala kamili ya akiba linaweza kurejesha kazi hadi dakika fulani, lakini hilo si la kusomwa na mtu na si mbadala wa nakala inayotunzwa nje ya jengo. Logi za kusoma zizungushwe: faili jipya kila siku au kila wiki, la zamani libanwe, lililozeeka lifutwe kwa utaratibu ambao bodi imeukubali.

Kwa wajumbe wa bodi wasiojua kompyuta, lipo jaribio ambalo fundi anaweza kulifanya mbele yenu kwa robo saa. Mpeni anwani ambayo ofisi yenu inaonekana nayo kwenye intaneti. Asimame nje ya geti na kompyuta yake, atumie bando la simu yake, si Wi-Fi ya ofisi, ajaribu kufika dirisha la kanzidata. Akipokelewa, hata kama ni kwa kuulizwa nenosiri tu, msimlipe bado. Kisha aingie ndani, akae kaunta, ajaribu kuingia kwenye seva kwa nenosiri la uongo mara moja. Afungue logi, awaonyeshe mstari wa jaribio lile: jina alilotumia, kompyuta aliyokalia, na saa. Mmoja wenu anyanyue macho atazame saa ya ukutani, aone kama zinalingana.